Ng'ombe, maziwa na sotoka

Katika milima ya Kivu, Rwanda na Burundi, mgeni akifika kwa mfugaji huletewa maziwa kwanza, na habari huja nyuma. Tumezoea jambo hilo hata hatuulizi tena maziwa yenyewe yametoka wapi. Mtoto atajibu: «Yametoka kwa ng'ombe», naye atakuwa amesema kweli. Lakini ng'ombe nao wana historia yao, na ndani ya historia hiyo mna miaka kumi ambayo vibuyu vilikauka toka Bahari ya Shamu mpaka mwisho wa Afrika upande wa kusini. Jina la msiba ule ni sotoka. Tunataka kuwasimulia jinsi ulivyokuja na jinsi ulivyokomeshwa, kwa maana wazee waliousikia kwa baba zao wamekwisha kufa, na vijana wengi hawajui hata jina lake.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ng'ombe hula kitu ambacho binadamu hawezi kukila, yaani majani, akakigeuza kuwa chakula bora. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu tumbo lake lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni kama ghala: kwa ng'ombe mkubwa chaweza kubeba litri 100 na zaidi. Humo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, navyo ndivyo vinavyovunja nyuzi ngumu za majani. Ng'ombe humeza upesi malishoni, kisha akipumzika hurudisha majani kinywani na kuyatafuna tena polepole. Tunamwona amelala kivulini, tunasema anastarehe. Kumbe yuko kazini. Kwa kucheua tu hutumia saa saba au nane za kila siku.

Maziwa hufanyizwa katika kiwele kwa vitu vinavyoletwa na damu. Ili ipatikane litri moja ya maziwa, yapata litri 400 au 500 za damu hupita katika kiwele. Tena ng'ombe mwenye maziwa hunywa maji mengi sana, kwa sababu katika sehemu 100 za maziwa, 87 hivi ni maji. Na kuna jambo ambalo watu wa mjini husahau: hakuna maziwa pasipo ndama. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku chache, na ndama jike wa ng'ombe wetu wa asili hazai kwa mara ya kwanza kabla hajapata miaka mitatu au minne. Basi mtu aliyepoteza ng'ombe wake wote, hata akipewa ndama jike kesho yake, atangoja miaka kabla ya kusikia tena mlio wa maziwa ndani ya chombo. Neno hili mlishike, maana ndilo litakalotueleza njaa tutakayoisimulia.

Ng'ombe hawa wametoka wapi? Zamani sana waliishi porini ng'ombe wa mwitu, wakubwa, wakali, wenye pembe za kutisha. Yapata miaka 10,000 iliyopita, watu wa nchi zilizo karibu na chimbuko la mito Frati na Tigri walianza kuwafuga. Baadaye, katika bonde la mto Indus, watu wengine walifuga ng'ombe wa aina nyingine, wale wenye nundu. Hapa Afrika aina hizo mbili zilichanganyika, na katika mchanganyiko huo wametoka ng'ombe wetu wa pembe ndefu: wale wa Ankole, na inyambo waliokuwa fahari ya wafalme wa Rwanda. Wale wa mwitu wenyewe wamekwisha duniani. Wa mwisho, ng'ombe jike, alikufa mwaka 1627 katika msitu wa Jaktorów, nchi ya Polandi.

Hapa Afrika kukamua ni kazi ya kale sana. Jangwa la Sahara lilikuwa zamani nchi ya majani na maziwa ya maji, na juu ya miamba yake bado zinaonekana picha za ng'ombe na wachungaji wao. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba katika vipande vya vyungu vilivyookotwa Libya walikuta mafuta ya maziwa yaliyonyonywa na udongo karibu miaka 7,000 iliyopita. Mama aliyekipika chungu kile hakufikiri kwamba mabaki ya chakula chake yangesomwa kama barua!

Watu wazima walio wengi duniani hawawezi kunywa maziwa mabichi mengi bila kuumwa tumbo, kwa sababu utumbo wao umeacha kuivunja sukari ya maziwa tangu walipoachishwa ziwa. Lakini kati ya watu ambao babu zao walifuga, wengi wanaweza. Zamani ilidhaniwa kwamba uwezo huo ulitokea mara moja tu, huko Ulaya. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, na kutangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wafugaji wa Afrika waliupata kwa njia yao wenyewe, si kwa kuupokea kwa Wazungu. Na ambaye hana uwezo huo, wazee walikwisha kumpatia dawa: mashanza. Maziwa yakiganda, sehemu ya ile sukari huliwa na vijidudu vya kugandisha, na tumbo hutulia.

Husemwa mara nyingi kwamba ng'ombe wetu ni wavivu, kwa kuwa mmoja hutoa litri mbili tatu kwa siku, na wale wa Uholanzi hutoa 20 na zaidi. Sisi hatupendi hukumu hiyo. Ng'ombe wa Uholanzi huletewa chakula na maji mahali alipo, na mganga humkagua. Wetu hutembea mchana kutwa juani, huvumilia kupe na kiangazi, na baada ya kumnyonyesha ndama humwachia bwana wake kilichobaki. Tena katika nchi zetu ng'ombe hakupimwa kwa ndoo peke yake. Alikuwa mahari, alikuwa urafiki, alikuwa fidia ya kosa. Alikuwa pia kamba ya kumfunga maskini: huko Rwanda asiye na ng'ombe aliweza kumtumikia tajiri maisha yake yote ili akabidhiwe mmoja, na desturi hiyo, iitwayo ubuhake, iliondolewa rasmi mwaka 1954 tu, kwa amri ya Mwami Mutara Rudahigwa. Kwa hiyo msiba ulipowapata ng'ombe, uliangusha nyumba nzima.

Sotoka ni ugonjwa wa virusi. Haumshiki mtu. Humshika ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato zilizopasuka. Mnyama hupata homa kali, macho hutoa machozi mengi, pua hutoka kamasi, kinywa huota vidonda hata ashindwe kula. Kisha huja kuhara pamoja na damu, na baada ya siku sita mpaka kumi na mbili tangu kuugua huanguka. Zizi ambalo halijawahi kuuona ugonjwa huo laweza kupoteza ng'ombe tisa katika kumi. Yule anayepona hapati tena sotoka mpaka kufa kwake. Virusi hivi vina ndugu tunayemjua wote: surua ya watoto. Uchunguzi wa mwaka 2020 umeonyesha kwamba mababu wa virusi hivyo viwili walitengana labda yapata karne ya sita kabla ya Kristo. Yaani surua yaelekea kuwa zawadi mbaya tuliyopewa na ng'ombe, siku watu walipoanza kuishi kwa wingi mahali pamoja pamoja na mifugo yao.

Ulaya iliujua ugonjwa huu mapema kuliko sisi. Uliingia kutoka mashariki, mara nyingi nyuma ya majeshi, kwa kuwa jeshi lilitembea na ng'ombe wake wa kuchinja. Katika karne ya 18 peke yake, wanahistoria hukadiri kwamba Ulaya ilipoteza ng'ombe milioni 200. Mwaka 1713 ugonjwa ulifika katika nchi za Baba Mtakatifu. Klementi wa XI alimwita mganga wake, Giovanni Maria Lancisi, naye akatoa shauri ambalo liliwashangaza wengi: msipoteze wakati kwa dawa, ng'ombe mgonjwa auawe, azikwe pamoja na chokaa, na ng'ombe wa mahali penye ugonjwa wasitembezwe. Adhabu ya mvunja amri ilikuwa kali sana, hata padri hakusamehewa. Shauri lilifaa, na ugonjwa ukatoka upesi kuliko katika nchi nyingine. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 1761, mfalme wa Ufaransa alimruhusu Claude Bourgelat kufungua huko Lyon shule ya kwanza ya waganga wa wanyama, na sababu moja kubwa ilikuwa sotoka. Basi maveterineri wote wa leo, pamoja na yule anayepita vijijini mwetu kwa pikipiki, ni wajukuu wa ugonjwa huo.

Afrika yetu, kusini ya Sahara, ililindwa muda mrefu na jangwa. Mlango ulifunguliwa mwaka 1887. Waitalia walikuwa wameteka bandari ya Massawa, katika Eritrea, nao walihitaji ng'ombe kwa jeshi lao. Husemwa kwamba waliwaagiza kutoka India, na kati ya wale walioshushwa melini walikuwamo wagonjwa. Hatuamini kwamba walifanya hivyo kwa kusudi. Lakini ng'ombe waliokufa hawakujua tofauti.

Ethiopia iliumia kwanza. Yakadiriwa kwamba ng'ombe 9 katika 10 walikufa. Sasa, Ethiopia si nchi ya maziwa tu: watu wa huko hulima kwa plau inayovutwa na maksai. Maksai walipokufa, mashamba hayakulimwa. Mvua nayo ikakosekana, nzige wakaja, na njaa ya miaka 1888 hadi 1892 ikaua watu wengi mno. Wengine hukadiri theluthi moja ya wakaaji wote. Mfalme Menelik wa Pili, ili kuwatia moyo wakubwa wake walioona aibu kulima kwa mikono, alishika jembe yeye mwenyewe mbele ya watu.

Toka hapo ugonjwa ulishuka kusini kwa mwendo wa wachungaji na wafanya biashara. Mwaka 1890 ulikuwa Kenya na Uganda. Mwingereza Lugard, aliyepita nchi hizo, alikuta mizoga ya nyati imetapakaa porini. Wamasai walipoteza karibu ng'ombe wote. Mwaustria Oscar Baumann aliwakuta mwaka 1892 karibu na Ngorongoro, watu waliokuwa wakiogopwa na kila msafara, sasa mifupa mitupu, wanawake na wazee wakiomba mabaki ya chakula. Wengine waliwapeleka watoto wao kwa majirani Wakikuyu ili wapate kula. Mwenye shamba akikosa mavuno, hungoja mvua ya pili. Lakini Mmasai aliyeishi kwa maziwa hakuwa na cha kupanda, na ndama, tumekwisha kusema, hawaji kwa msimu mmoja.

Wakati huo huo sotoka iliingia katika nchi za Maziwa Makuu. Huko Rwanda, chini ya Mwami Kigeli Rwabugiri, iliitwa umuryamo, nayo iliwafyeka ng'ombe wa mfalme na wa mtu mdogo pamoja. Ndui ilipita karibu miaka hiyo hiyo, na funza pia, mdudu mgeni aliyetoka Amerika na kuingia Afrika upande wa magharibi. Wamisionari wa kwanza walipofika Save, mwaka 1900, waliwakuta watu waliokuwa bado wakijenga upya mazizi yao. Si ajabu: kundi la ng'ombe halirudi kwa miaka minane.

Mwaka 1892 ugonjwa ulikuwa umefika kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa. Kwa miaka michache ulisita kaskazini ya mto Zambezi. Machi 1896 ulionekana Bulawayo. Huko njia zote za biashara zilikuwa za magari ya kukokotwa na maksai. Ugonjwa ulipanda magari hayo, tunaweza kusema, ukasafiri nayo. Serikali ya Waingereza iliamuru makundi yapigwe risasi, hata wazima, ili kuukata moto. Kwa sayansi ya siku zile amri haikuwa ya kipumbavu: ndilo shauri la Lancisi. Lakini Wandebele, waliokwisha kunyang'anywa ng'ombe wengi baada ya vita vya 1893, sasa waliona askari wakiwaua hata wale waliobaki, na hakuna aliyewaeleza kitu. Mwezi huo huo waliasi. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, na risasi zile ni moja yake. Mwaka 1897 sotoka ilifika Rasi ya Tumaini Jema, ijapokuwa serikali zilikuwa zimejenga senyenge ndefu sana kuizuia. Katika kusini ya Afrika peke yake walikufa ng'ombe yapata milioni mbili na nusu.

Jambo moja zaidi kuhusu miaka hiyo, kwa maana huonekana kama mchezo wa kinyume. Nyati, pofu na tandala walipokufa, mbung'o, ambao hunywa damu yao, walipungua. Mtu angesema: heri! Lakini malisho yasiyoliwa na ng'ombe wala nyati yaligeuka vichaka. Miaka ikapita, wanyama wa porini wakaongezeka kabla ng'ombe hawajaongezeka, na mbung'o wakarudi katika vichaka vile vipya, wakashika hata mahali walipokaa watu zamani. Hivyo katika nchi nyingi malale yalipata mlango. Wageni waliokuja baadaye waliona pori tupu wakasema: hii ndiyo Afrika ya tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Palikuwa malisho ya watu.

Sasa tuone dawa. Mwaka 1897 Mjerumani Robert Koch, aliyeitwa Kimberley, alijaribu kuwadunga ng'ombe nyongo ya wenzao waliokufa kwa sotoka. Ilisaidia kiasi. Wengine walitumia damu ya ng'ombe aliyepona. Mwaka 1902, huko Konstantinopoli, Maurice Nicolle na Adil-Bey walionyesha kwamba kiletacho ugonjwa ni kidogo hata hupenya chujio linalozuia bakteria. Kujua jina la mwizi si kumkamata, lakini ni mwanzo.

Ubelgiji nao una sura yake katika habari hii. Mwaka 1920 ng'ombe wenye nundu walitoka India kwenda Brazil, wakapitia bandari ya Antwerpen, ambayo wengi wetu huiita Anvers. Walikuwa na sotoka, nayo ikaenea katika mashamba ya Ubelgiji. Ugonjwa ulizimwa, lakini serikali za Ulaya ziliogopa. Mwaka 1921 zilikutana Paris, na tarehe 25 Januari 1924 nchi 28 zilianzisha huko ofisi ya dunia ya magonjwa ya wanyama. Tangu hapo kila nchi yapaswa kuwaambia wenzake inapopatwa. Ni jambo dogo katika karatasi, lakini kabla ya hapo kila mmoja alificha msiba wake, kama mtu afichaye mbuzi mgonjwa ili amwuze sokoni.

Chanjo ya kufaa ilihitaji virusi vilivyodhoofishwa. Katika miaka ya 1920, huko Mukteswar nchini India, J. T. Edwards alivipitisha katika mbuzi mara nyingi mpaka vikapoteza ukali. Chanjo hiyo iliokoa wengi, ila kwa ng'ombe dhaifu ilikuwa bado kali mno. Ndipo Walter Plowright, veterineri Mwingereza aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya tangu miaka ya 1950, alipovikuza katika chembe za figo la ndama ndani ya chupa, mara zaidi ya 90, akapata chanjo isiyomdhuru hata ndama, na inayolinda maisha yote kwa sindano moja. Wasomaji wanaojua Kifaransa watapenda kukumbuka hapa kwamba neno lenyewe vaccin limetoka katika Kilatini vacca, maana yake ng'ombe, kwa sababu mwaka 1796 Edward Jenner aliwakinga watu na ndui kwa kutumia ugonjwa mdogo wa ng'ombe uliowashika wakamuaji. Ng'ombe alitukopesha chanjo, ilitupasa kumlipa.

Malipo yalikawia. Kuanzia 1962 mpaka 1976 nchi 22 za Afrika zilifanya kazi ya pamoja ya kuchanja, zikianza na zile zinazozunguka ziwa Chad. Ng'ombe walipangwa mistari asubuhi na mapema, mamilioni kwa mamilioni. Sotoka ikatoweka karibu kila mahali. Huko Serengeti nyumbu, ambao hawakuchanjwa hata mmoja, waliongezeka toka yapata 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu tu ng'ombe wa majirani waliacha kuwaambukiza. Kisha fedha zikapungua, wakubwa wakasema kazi imekwisha, sindano zikawekwa kabatini. Ugonjwa ulikuwa umebaki pembe mbili tatu, upande wa Mali na upande wa Sudan na Ethiopia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulitoka tena, na Nigeria ikapoteza ng'ombe kwa mamia ya maelfu. Sisi twaona kwamba kosa la mwaka 1976 lilikuwa zito kuliko la mwaka 1887, maana safari hii watu walikuwa na chanjo mkononi.

Shida ilikuwa barafu. Chanjo ya Plowright huharibika katika joto, na pembe zile zilizobaki zilikuwa mbali na barabara, tena nyingine zilikuwa katika vita. Yapata mwaka 1990 Mmarekani Jeffrey Mariner na wenzake waliikausha kwa namna mpya, hata ikaweza kukaa mwezi mmoja bila kutiwa katika baridi. Hapo mambo yaligeuka. Huko Karamoja, kwa Waafar wa Ethiopia, na katika kusini ya Sudan, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja. Walibeba chanjo mfukoni wakifuata makundi kwa miguu, mahali ambapo gari la serikali halikuthubutu kufika. Wengi wao hawakujua kusoma. Lakini walijua ng'ombe yupi amechanjwa na yupi bado, walijua kundi gani lilichanganyika na lipi kisimani, na waliutambua ugonjwa kwa machozi na harufu ya kinywa kabla ya kufika mtu wa maabara. Wandebele wa 1896 waliletewa bunduki bila maneno. Hawa waliletewa sindano, wakaulizwa maoni yao. Tofauti ya matokeo inaonekana.

Mara ya mwisho sotoka ilionekana mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru nchini Kenya. Wataalamu walingoja miaka kumi wakiendelea kupeleleza. Tarehe 28 Juni 2011, huko Roma, shirika la dunia la chakula na kilimo lilitangaza kwamba sotoka imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili katika historia yote kumalizwa na watu. Wa kwanza ni ndui, uliotangazwa kwisha mwaka 1980. Plowright alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, mwezi wa Februari 2010. Virusi vyenyewe vilibaki katika chupa za maabara chache. Mwaka 2019 maabara ya Pirbright, Uingereza, iliteketeza vyake.

Ng'ombe wa Kivu walikuwa na maadui wengine. Katika vita vya miaka ya 1990 makundi ya Masisi yaliporwa na kuchinjwa, milima ikabaki na majani bila mlaji, na waliorudi walianza tena kwa ndama wachache. Leo tunapokula jibini ya Masisi, ile ya mviringo inayouzwa Goma na kusafirishwa mpaka Kinshasa, tunakula kazi ya watu waliojenga mazizi upya kama babu zao baada ya umuryamo.

Na sotoka imeacha mdogo wake. Ni ugonjwa wa mbuzi na kondoo, ambao Watanzania huuita sotoka ya mbuzi. Virusi vyake ni jamaa ya vile vya ng'ombe. Mwaka 2012 uliua mbuzi makumi ya maelfu katika Kongo yetu. Katika nyumba isiyo na ng'ombe, mbuzi ndiye karo ya shule na ndiye dawa ya mgonjwa. Mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, nchi nyingi ziliahidi kuumaliza ugonjwa huo ifikapo 2030. Chanjo ipo, na sindano moja humlinda mbuzi miaka mitatu au zaidi. Dalili ni zile zile tulizozitaja: homa, machozi na kamasi, vidonda vya kinywa, kuhara, pamoja na kikohozi. Mwenye mbuzi wa namna hiyo amtenge na wenzake siku hiyo hiyo, asimpeleke sokoni, na ampashe habari veterineri wa karibu, au mchanjaji wa kijiji kama yupo.